Muulize Nesi Mstaafu: Anaharisha Nini, na Tangu Lini?

Masika yameanza, na barua za mwezi huu karibu zote ni za tumbo. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 34, mingi katika wodi za watoto mkoani Tanga na iliyobaki Dar es Salaam. Katika barua hizi naliona jambo lile lile nililolikuta mwaka wangu wa kwanza kazini, 1983: mtu anaomba dawa ya kuharisha kabla hajasema anaharisha nini. Kuharisha ni jina moja tulilolipa magonjwa mengi. Kwa hiyo mnisamehe, kabla ya kutaja dawa yoyote nitawarudisha kwanza kwenye choo chenyewe: kikoje, mara ngapi, tangu lini.

*Shikamoo mama nesi. Mwanangu ana miezi minane. Leo ni siku ya tatu anaharisha majimaji ya njano, na alianza kwa kutapika. Jirani anasema ni meno ya plastiki, nimpeleke kwa bibi mmoja anayeyatoa. Mama mkwe anasema tumembemenda. Nyumbani hakuna amani tangu juzi. Nifanye nini? – Mama wa mtoto mmoja, Mbagala*

Marahaba mwanangu. La kwanza, kwa huyo bibi usiende. Hata kama nauli umeshapewa, usiende.

Kinachoitwa meno ya plastiki ni chonge za mtoto ambazo bado hazijatoka. Zimelala chini ya ufizi, laini na nyeupe, na chonge za utotoni kwa kawaida hutokeza mtoto akiwa na mwaka na miezi kadhaa. Anayezing'oa hupasua ufizi kwa kisu, msumari au njiti ya baiskeli, akachokonoa kile kijino kichanga, kisha akamwonyesha mama: "Unaona? Plastiki." Mama anaamini, kwa sababu kweli kilichotoka hakifanani na jino. Nimepokea watoto waliotoka kufanyiwa hivyo. Wanakuja wanavuja damu, hawawezi kunyonya kwa maumivu, na kuharisha kuko pale pale. Mmoja, miaka ya tisini katika hospitali moja ya wilaya, alirudishwa kwetu siku kadhaa baadaye akiwa na pepopunda, taya limekaza, na hatukuweza kumwokoa. Mama yake alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Alichotaka ni mtoto apone, kama unavyotaka wewe.

Kwa nini basi watoto wengi huharisha wakati ule ule wa kuota meno? Tazama umri. Kwenye miezi sita mtoto anaanza kula uji na maji, na kila chakula kipya kina mkono uliokishika na sufuria iliyokaa. Anaanza kutambaa, na chochote atakachokiokota sakafuni kinaishia mdomoni. Kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama inapungua miezi hiyo hiyo. Meno yanatokea katikati ya hayo yote, na ndiyo yanayobeba lawama.

Kuhusu kubemendwa, mweleze mama mkwe kwa adabu, maana wazee hawakuona uongo. Waliona mama aliyeshika mimba mapema, mtoto akaachishwa ziwa, akapewa uji mwepesi uliokorogwa kwa maji yasiyochemshwa, akaanza kuharisha na kukonda. Kukonda kulikuwa kweli, na sababu ilikuwa ziwa lililokatizwa na maji machafu. Wewe na mumeo hamkumdhuru mtoto kwa kulala pamoja. Mkapatane.

Sasa mtoto mwenyewe. Kutapika kwanza, kisha majimaji yasiyo na damu kwa siku kadhaa, mara nyingi ni virusi, na katika umri huu wanaojulikana zaidi ni virusi vya rota. Angalia kadi yake ya kliniki kama alipata matone ya chanjo hiyo, yanayoanza akiwa na wiki 6. Tanzania tunayatoa tangu 2013. Aliyechanjwa anaweza bado kuugua, lakini mara nyingi haugui vibaya kama asiyechanjwa. Virusi hawa hawana dawa ya kuwaua. Mwili huwamaliza wenyewe baada ya siku kadhaa, na katika siku hizo kazi yako wewe ni maji.

Mpe ORS, yaani ile pakiti ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji, baada ya kila choo, robo hadi nusu kikombe, kwa kijiko, polepole. Akitapika subiri dakika kumi, kisha uanze tena, polepole zaidi. Ziwa usikate hata mara moja, na uji na ndizi endelea kumpa kidogo kidogo, maana tumbo lililofungiwa chakula huchelewa kupona. Zahanati waombe vidonge vya zinki: kwa aliyepita miezi sita ni miligramu 20 kila siku, unakiyeyusha kwenye kijiko cha maji au maziwa yako, siku 10 hadi 14. Nawasihi akina mama msiviache siku choo kinapokaza, kwa sababu zinki inaponya ukuta wa utumbo na kupunguza uwezekano wa kuharisha tena miezi inayofuata.

Kila asubuhi na jioni mvue nguo umtazame. Macho yameingia ndani? Utosi umebonyea? Analia bila machozi? Finya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, kati ya kitovu na ubavu, uiachie. Ikirudi papo hapo, vizuri. Ikirudi taratibu, mwili umepungukiwa maji, twende kituo cha afya. Ukiona analegea, anasinzia na kuamka kwa shida, hawezi kunywa au anatapika kila kitu, basi usisubiri asubuhi. Chukua bodaboda usiku huo huo, na njiani uendelee kumpa ORS kwa kijiko kama anaweza kumeza.

*Mama nesi, mimi ni dereva wa bodaboda hapa Morogoro, nakula barabarani. Tumbo likianza kukoroma tu nanunua Flagyl nne duka la dawa, nameza mbili mbili, siku inayofuata niko kazini. Mwezi uliopita nilifanya hivyo na tumbo halikukoma, likaja na damu na makamasi. Je, dawa za siku hizi ni feki?*

Kaka, sitaki kuilaumu dawa kabla sijajua uliinywea nini.

Utumbo wa mtu mzima hupitisha maji kama lita 8 au 9 kwa siku. Ulichokunywa ni kama lita mbili tu. Kilichobaki ni mate, nyongo na maji mengine ambayo mwili wenyewe unayamwaga humo ili kusaga chakula. Karibu yote hunyonywa tena kurudi kwenye damu, na chooni hutoka kiasi cha kama nusu ya glasi. Kuharisha ni hesabu hiyo kuvurugika, na huvurugika kwa njia tofauti.

Iko ambayo utumbo unamwaga maji kupita kiasi. Sumu ya bakteria wa kipindupindu hufanya hivyo: ukuta wa utumbo haujajeruhiwa, lakini umeamrishwa kumwaga bila kusimama. Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka Dar es Salaam, kikianzia Kinondoni kabla hakijasambaa mikoani na Zanzibar, nilipangiwa zamu kwenye kambi ya wagonjwa. Vitanda vile vina tundu katikati na ndoo chini yake, na kazi yangu ya kwanza kila saa ilikuwa kusoma ndoo. Choo kinakuwa kama maji yaliyooshea mchele, hakina harufu ya choo, na hakina damu. Mgonjwa mkali anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Nilimpokea fundi seremala, mwanamume mwenye nguvu zake, aliyekuwa mzima wakati wa chakula cha mchana. Magharibi vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima, na sauti imekauka. Dripu ziliingia kwa mikono yote miwili. Alfajiri aliomba chai. Kuharisha kwa namna hii hakusimami hata usipokula, na anayekupata lazima awahishwe.

Iko ambayo kitu ulichokula hakikusagwa, kikabaki ndani ya utumbo kikivuta maji. Hiyo husimama ukiacha kile chakula. Nitairudia kwa msomaji wa chini.

Na iko ambayo ukuta wa utumbo umechubuka, umetoboka vidonda. Hapo unaona damu na makamasi, homa, tumbo linasokota, unahisi choo muda wote na ukienda unajikamua kutoa kidogo tu. Huko ndiko kuhara damu, na ndiko ulikofika wewe mwezi uliopita.

Flagyl, yaani metronidazo, inaua vijidudu vya amiba na giadia, pamoja na aina fulani za bakteria. Virusi haiwagusi. Bakteria wa shigela, ambao ndio wasababishaji wakubwa wa kuhara damu, nao haiwatibu. Wana dawa zao nyingine. Mara zile ulizopona siku ya pili, kuna uwezekano mkubwa ungepona hata bila kidonge, kwa sababu kuharisha kwingi kwa chakula cha barabarani huisha kwenyewe siku moja mpaka tatu. Wewe ukaamini dawa. Na hata pale penye amiba kweli, vidonge vinne havitoshi: dozi ni ya siku kadhaa, na baada yake kuna dawa ya pili ya kumaliza amiba waliobaki kwenye utumbo. Ukimeza nusu, unawachokoza tu na kuwaacha.

Kwa hiyo nenda zahanati na choo chako kwenye kikopo safi, kikiwa bado kibichi. Amiba huonekana vizuri kwenye darubini ikiwa bado hai na inatembea. Choo cha tangu usiku, kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni, hakimsaidii mtu wa maabara. Damu ikirudi hata mara moja usipite duka la dawa kwanza. Zile dawa za kufunga tumbo wanazouza pia, ukiwa na damu au homa, usizimeze, kwa sababu zinafungia uchafu ndani ya utumbo wenye vidonda. Na kwa mtoto mdogo usizitumie kabisa.

*Nesi, pakiti za ORS huku kijijini Handeni zinaisha. Tunaweza kuchanganya wenyewe? Na madafu au soda vinafaa? Babu yangu anasema chumvi inamwongezea mtu kiu, inawezekanaje itibu?*

Mpe babu salamu zangu, swali lake ni zuri. Lina kisa ndani yake, nami kisa hiki nakipenda kuliko vyote nilivyosoma chuoni.

Maji matupu hayarudi mwilini kirahisi mtu anapoharisha. Chumvi peke yake nayo haiingii ya kutosha. Lakini kwenye ukuta wa utumbo kuna mlango mdogo unaofunguka pale tu chumvi na sukari vinapobisha hodi pamoja. Vikiingia, maji yanavifuata. Na mlango huo hata sumu ya kipindupindu haiufungi. Mwaka 1968 madaktari vijana wawili, David Nalin na Richard Cash, walionyesha huko Dhaka, katika Bangladesh ya leo, kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kurudishiwa maji kwa kunywa, bila kutegemea dripu nyingi. Wengi hawakuwaamini.

Ikaja 1971. Vita vya Bangladesh vikawafukuza watu mamilioni kuingia India, na kipindupindu kikawafuata kambini. Daktari Dilip Mahalanabis alikuwa Bangaon, mpakani, wagonjwa wamelala sakafuni, dripu zinaisha. Akaagiza chumvi na sukari vichanganywe Kolkata, vifungwe kwenye mifuko. Maji yakawekwa kwenye mapipa yenye bomba, na ndugu wa wagonjwa wakawa wanachota na kuwanywesha watu wao wenyewe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa karibu 30 katika kila wagonjwa 100. Waliopata maji yale walikufa wasiofika 4. Nikifikiria wale ndugu na vikombe vyao nakumbuka akina mama wa wodi yangu, wamekaa usiku kucha na kijiko, mimi nikiwa peke yangu na watoto thelathini.

Sasa kuchanganya. Pakiti ikiwepo, soma imeandikwa ya maji kiasi gani, uitie yote kwa mara moja. Kosa nililoliona sana ni mama kubana matumizi: anaitia kidogo kwenye kikombe leo, kidogo kesho, au anamimina pakiti ya lita nzima kwenye glasi moja ili "iwe kali". Ikizidi ukali, chumvi inamdhuru mtoto.

Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Chupa mbili ndogo za maji ya dukani za mililita 500 zinakupa kipimo hicho. Tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kila kijiko ukisawazishe juu kwa mgongo wa kisu, usikirundike. Koroga, kisha onja kabla hujampa mtu: kusiwe na chumvi kuliko machozi. Kikikukaza mdomo kwa chumvi, mwaga uanze upya. Kikilala usiku kucha, kesho changanya kingine. Na mtu aendelee kumtafutia mgonjwa pakiti wakati huo huo, maana ORS ya pakiti imekamilika zaidi, ina potasiamu pia.

Madafu ni kinywaji kizuri na yana potasiamu nyingi, ila chumvi yake ni haba, kwa hiyo yanasaidia pembeni, hayachukui nafasi ya ORS. Uji mwepesi wa mchele uliotiwa chumvi kidogo unafaa sana. Soda hapana, wala juisi za pakiti. Sukari yake imezidi mno, inakaa utumboni inavuta maji, na mtoto anaharisha zaidi kuliko alivyoanza. Nimewaona wangapi wakinyweshwa soda iliyotolewa gesi, mzazi amejinyima nauli ili ainunue!

*Nina miaka 46. Tangu nihamie Arusha na kuanza kunywa maziwa mabichi asubuhi, tumbo linajaa gesi na kuendesha kabla ya saa nne. Mtindi haunisumbui. Nimeambiwa nina minyoo.*

Minyoo pima kwa kipimo, lakini kwa maelezo yako nayashuku zaidi maziwa. Yana sukari yake, na watu wazima wengi wetu Waafrika utumbo umeacha kuisaga. Ikibaki humo inavuta maji na kutengeneza gesi. Kwenye mtindi sehemu ya sukari hiyo imeshaliwa na vijidudu vinavyougandisha, ndiyo maana unakutunza. Acha maziwa wiki mbili, uone. Na maziwa yoyote yachemshwe: mabichi yana magonjwa mengine mabaya kuliko tumbo la kuendesha.

*Shikamoo mama. Kaka yangu, miaka 38, anaharisha wiki ya sita sasa. Si sana, mara nne au tano kwa siku, lakini amekonda mpaka mkanda umetobolewa matundu mapya. Anasema ni chakula tu. Hataki hospitali. Nimpe dawa gani?*

Marahaba. Usimpe dawa, mwanangu. Mpe mtu wa kumsindikiza.

Kuharisha kunakopita siku 14 tunakuhesabu mbali na kule kwa siku tatu, na kwa mtu mzima kunakopita wiki nne ni sura nyingine kabisa. Atahitaji kupimwa choo, kupimwa virusi vya UKIMWI, kuangaliwa kifua kikuu, maana kifua kikuu hukaa hata tumboni, na kupimwa damu, pamoja na tezi ya shingo. Kuna magonjwa ya utumbo wenyewe, na mara nyingine uvimbe. Waulize pia anameza nini: dawa ya kisukari ya metfomini huharisha baadhi ya watu, na dawa za kiungulia zenye magnesiamu vilevile, na antibiotiki alizomeza majuma yaliyopita zinaweza kuacha tumbo limeharibika.

Nadhani anachoogopa ni kile kipimo kimoja. Nilikaa miaka kwenye wodi kabla dawa za kufubaza virusi hazijapatikana bure, na vijana wa kuharisha kwa miezi niliwazika wengi. Leo mtu wa namna ile anaanza dawa, tumbo linatulia, ananenepa, anarudi shambani. Mwambie hivyo kwa maneno yako, mkiwa wawili, siyo mbele ya mkewe wala watoto. Kisha nendeni naye, usimwache aende peke yake.

*Bibi yetu, miaka 81, haondoki kitandani tangu avunjike nyonga. Wiki mbili sasa anajichafua, ni maji maji tu kidogo kidogo, mchana na usiku. Tumempa dawa za kufunga tumbo, naona linazidi kujaa.*

Poleni sana kwa kumuuguza. Acheni hizo dawa leo hii.

Mzee anayelala muda wote, anakunywa maji kidogo kwa kuogopa kusumbua watu, na pengine anapewa dawa kali za maumivu, hupata choo kigumu kama jiwe kikaziba njia. Juu yake choo laini kinatafuta pa kupita, kinavuja pembeni. Mnaona maji, mnadhani anaharisha, kumbe amefunga. Dawa ya kufunga inaongeza jiwe. Sisemi ndivyo hakika, lakini tumbo kujaa na kile kidogo kidogo vinanifanya nifikirie hivyo kwanza. Mpelekeni, au mwombeni muuguzi wa zahanati aje nyumbani amchunguze kwa kidole kilichovaa glavu. Ni dakika mbili, na mwombeni bibi ruhusa kwanza, mumfunike kanga wakati anachunguzwa. Andikeni siku aliyopata choo kigumu mara ya mwisho na dawa zote anazomeza, mkampe anayekuja.